Dakika Tisa

Chumba cha kumbukumbu, hospitali, Lira.
Nimeifungua kompyuta tumbo kwa bisibisi.
Fuwele yenyewe hii hapa,
ndogo, ungeidhania punje ya simsim.
Hutetemeka mara elfu thelathini na kitu
kwa sekunde moja, na huapa haikosei.

Hukosea.
Ina mbio zake za kuzaliwa: sekunde mbili kila siku.
Mbili tu. Nani huhesabu mbili?
Waya wa mtandao ulikatwa na wachimba mtaro,
na kwa siku mia mbili na sabini
mashine ikajiamini peke yake.
Siku hizo hizo Jesca Abeja alikuwa akihesabu zake.

Usiku waya ulipounganishwa, Jesca yuko leba.
Pacha wa kwanza akalia. Mkunga akabonyeza:
saa nane na dakika kumi.
Hapo mashine ikaonyeshwa ukweli, ikaona haya,
ikaruka kinyumenyume dakika tisa kwa pigo moja.
Dakika sita zikapita, pacha wa pili akalia:
saa nane na dakika saba.

Kwetu mtangulizi ni Apio, anayefuata ni Acen.
Jina ni foleni.
Karani akasoma skrini, akageuza:
huyu Acen, yule Apio.
"Mashine haina ndugu," akasema, "itampendelea nani?"
Jesca akamtazama.
"Na mimi? Mimi nilikuwa wapi?"

Ndiyo maana niko hapa Jumapili, chai imepoa.
Naifundisha adabu ya kujisahihisha.
Uliza saa za mbali, nne, si moja.
Pima swali lilivyokwenda na jibu lilivyorudi,
ugawe kwa mbili.
Kasoro yako iandike kwenye faili,
ishirini na tatu katika milioni,
ili waya ukikatwa tena uijue tabia yako.
Na ukijikuta umetangulia, usirudi nyuma.
Refusha sekunde, unyoya kwa unyoya,
tembea polepole
mpaka kweli ikufikie.

Jumatatu nikachapa kadi mpya.
Jesca hakuisoma. Alifunua shuka kidogo,
akanionyesha uzi mwekundu
kwenye kifundo cha mguu mmoja:
aliufunga usiku ule ule,
kabla wa pili hajalia.