Biti Kumi na Sita

Musavuli ameniletea picha ya mama yake
kwenye kadi ndogo kama ukucha.
Mng'arishe kidogo, kaka, akasema,
watu wa Butembo wasije wakasema amechakaa.
Akaacha dola tatu. Mbili tukakubaliana Ijumaa.

Ni picha ya saa kumi na mbili na nusu, jioni:
Kahambu, muuza makala wa Birere,
mbele ya nyumba ya mbao zilizopakwa oili chafu,
juu ya makoro,
ndani ya kikwembe cheusi cha mwaka wa matanga,
na nyuma yake usiku unaanza kazi.
Nani alipiga? Sikuambiwa.
Mtu anayejua kushika pumzi.

Wanaoishi mbali na mlima hudhani nyeusi ni moja.
Waje Goma.
Kuna nyeusi ya jiwe la juzi, bado lina makali,
kuna ya jiwe la elfu mbili na mbili, limekwisha ota nyasi,
kuna ya sufuria, ya mpira wa gurudumu la chukudu,
kuna ya ziwa saa nane za usiku, umeme umekatika Himbi yote
na taa za Gisenyi tu ndizo zinazoelea.

Kompyuta nayo ina hesabu yake.
Kwa biti nane inapanda hatua mia mbili hamsini na sita
kutoka giza hadi nuru, basi, imechoka.
Hivyo ndivyo nilivyoanza. Nilivuta kivuli cha shavu
la bibi harusi mmoja wa Katindo
likakatika ngazi ngazi, kama mashamba ya Masisi mteremkoni,
na anga juu ya Nyiragongo, wekundu uliokuwa ukifa taratibu,
likawa mikeka iliyopandana.
Harusi ilikuwa nzuri. Mimi sikulipwa.

Lakini faili hili ni ghafi, zito,
nalifungua kwa biti kumi na sita:
elfu sitini na tano, mia tano thelathini na sita.
Ngazi fupi kiasi kwamba mguu hauzijui.
Nausukuma mkunjo wa mwanga kwa ncha ya kidole,
kama mtu anayefunua chungu asiunguzwe na mvuke,
na giza halipasuki.
Linaachia.

Linaachia uzi mmoja mweupe kwenye pindo,
kisha vumbi la makala katika mistari ya kiganja,
kisha paji la uso, na humo
kuna zambarau pembeni, kuna shaba chini ya jicho,
kuna rangi ambayo sina jina lake kwa lugha yoyote ninayoisema.

Kumng'arisha?
Naburuta kitelezi kulia, namwona anageuka unga.
Narudisha.

Saa nne kasoro umeme ukakatika. Sikuwa nimehifadhi.
Nikakaa gizani nikitukana, sijui nani,
hadi jirani alipowasha jenereta akanipa waya.
Nikaanza upya. Mara ya pili mkono ulikuwa mwepesi.

Asubuhi Musavuli anaitaka kwenye simu.
Kwa simu lazima niirudishe biti nane, niibane,
nimwage elfu juu ya elfu.
Anatazama.
Bado ni mweusi, anasema.
Ni mama yako, nasema.

Ijumaa akaja mwenyewe,
zile dola mbili kwenye fundo la kikwembe.
Uso wake hakuutazama. Alisogea hadi pua ikagusa kioo,
akaweka kidole gizani, chini ya upenu,
mahali ambapo mimi niliona kona tu.
Ee! Gunia langu!
Mwaka mzima namshuku shemeji!
Akacheka mpaka akashika kiti.

Halafu, kwa sauti nyingine:
Kwenye simu linaonekana?
Halionekani, mama.
Basi baki nalo.

Liko kwenye diski, ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati:
megabaiti mia moja arobaini na nne,
gunia moja,
mdomo umefungwa kwa kamba ya mgomba.