Mstari Uliopinda

Miaka kumi na tisa nimeuchora uwanja huu wa Shinyalu
kwa chokaa, ndoo, na kopo la mafuta lililotobolewa.
Naujua kwa nyayo: mia kwenda, sabini kukata,
pembe nne zimekunjwa vizuri kama shuka la hospitali.

Hapa nilisukuma skramu mpaka sikio likajikunja
kama uyoga uliosahaulika juani.
Hapa tulifunzwa amri moja kabla ya jina la kocha:
mpira haupitishwi mbele.
Nyuma, kijana! Mpe aliye nyuma!
Hata kuoa, nilioa baada ya wadogo zangu wote.

Januari akaja mwalimu Lumadede
na mpira mwekundu, yai lilelile ila jembamba,
akasema: Mzee Ashioya, nitolee pembe.
Nikauliza, za ng'ombe?
Akasema, za uwanja.

Usiku ule sikulala. Utapimaje kitu kisicho na kona?
Alfajiri nikamkuta Madoa wangu
amekula nyasi duara kuzunguka kigingi,
kamba imekaza, kazi imekwisha.
Nikacheka peke yangu.
Vigingi viwili, kamba moja, chokaa ikafuata.

Yai likaumeza mstatili wangu na bado likawa na njaa:
likavuka mtaro, likapita nyuma ya vyoo,
likagusa shamba la Mama Khalayi.
Sasa mpira ukipotea watoto hupaza sauti, "Umeingia miwani!"
na Mama Khalayi huuliza
tangu lini mpira ukawa na macho mabovu.

Nguzo nne kila upande, mikalitusi isiyo na boriti.
Ukikosa katikati ukapita pembeni, wanakupa pointi moja,
pole ya kukosa.
Pole! Kwenye raga, aliyekosa
tulimnunia hadi Jumatano.

Nikasimama kando, mikono nyuma, natafuta kosa.
Nikaliona: Imbuhila, binti wa dada yangu,
yule wa kufunika meno akicheka,
kampanda Shivachi mgongoni, goti begani,
kaudaka mpira kule wanakopita mwewe.
Mkono wangu ukatafuta kipyenga nisichokuwa nacho.
Enzi zetu hiyo ni kadi, ni barua kwa mzazi.
Hapa wote wakasimama. Wakampisha.
Akavuta pumzi, meno yote nje,
akaupiga mbele.

Mbele.

Jumamosi raga ni saa nane,
hawa wapya saa kumi, mvua ikitaka.
Nachora mstatili ndani ya yai.
Vijana wa raga wananung'unika, mistari inawachanganya.
Nawaambia: ulionyooka ni wenu, uliopinda ni wao,
chokaa ni ileile, na anayeinunua hajanirudishia hela.
Mimi sina upande.
Mgongo wangu tu, siku hizi,
umeanza kuupendelea uliopinda.