Dirisha Kati ya Mbavu

Mara nne wamechota maji kifuani mwangu,
ya rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni,
na mara nne maabara imejibu
neno lile lile: hakuna.
Miezi sita nikameza dawa za kifua kikuu
mpaka mkojo ukawa mwekundu kama vumbi la Katuba.
Maji yakarudi.

Leo Daktari Nsenga kanilaza kiubavu,
mkono juu ya kichwa kama mtu anayezuia jua.
“Utasikia kusukumwa,” akasema, “si kukatwa.”
Alidanganya nusu.
Mrija wenye jicho na taa ukapenya
kati ya ubavu wa sita na wa saba,
mahali ambapo hata marehemu Kabedi hakuwahi kufika.

Nikageuza shingo, nikatazama skrini.
Pafu langu limenywea pembeni, la kijivu,
kama paka aliyenyeshewa.
Na ukutani, palipostahili kung'aa kama utando wa yai,
chembe, chembe nyeupe.

Mkono wake ukasimama.
“Ulifanya kazi gani, baba?”

Nikakumbuka malata yale ya saruji,
msumeno, miaka kumi na tisa,
unga tuliokung'uta nguoni tukicheka
kwamba sisi ni waoka mikate.

Koleo likauma mara sita.
Vipande vidogo kuliko punje ya mtama
vikazama kwenye kichupa chenye jina langu.

Jibu ni wiki mbili.
Silitegemei kuwa zuri.
Lakini usiku huu, mrija ukidondosha chupani tone kwa tone,
nalala kama mdai
aliyemwona hatimaye mdeni wake, uso kwa uso,
hata kama hana cha kulipa.