Herufi Kumi na Moja

Bi Sikudhani amekileta ndani ya mfuko wa unga,
kideki cha banda lake la video, Keko Magurumbasi.
Kimegoma tangu Jumatano: kinawaka, kinaonyesha nembo,
kinabaki hapohapo
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.
"Watoto wananidai," anasema.
"Wamelipa mia mbili mbili, wameona nembo."

Chini ya ngazi, Mtaa wa Likoma, meza yangu ni mlango uliolazwa.
Nafungua skrubu nne; ya tano haipo, fundi mwenzangu kapita humu.
Ubao mzima, haujaungua. Kilichokufa ni maneno ya ndani,
yale ambayo kifaa hujisomea
kabla hakijajua jina lake.

Nachukua flashi, ile nyekundu ya giga nne,
iliyobeba harusi ya mtu na risiti za kodi.
Naifuta. Nailima upya kama tuta.
Ukinakili faili tu, flashi inabaki kabati.
Mimi nataka iwe mlango:
pale mwanzo kabisa, kifaa kinapopiga hodi,
kikute mtu wa kuitikia.

Programu ya kiwandani ninayo. Ina lugha tisa.
Kituruki kimo, Kirusi kimo, cha kwetu hakimo.
Saa mbili usiku. Ningeweza kuiandika ilivyo, nikaenda kula.
Nikaifungua.

Humo maneno yamepangwa kama wapangaji wa Buguruni,
kila moja na chumba chake, ukuta kwa ukuta.
Ukizidisha herufi moja unabomoa kwa jirani,
na jirani ndiye anayeendesha sauti.

Shangazi Mwanakheri alikuwa akitunga mashairi ya gazetini,
akihesabu mizani kwa kunde juu ya ungo,
nane huku, nane huku,
na kunde ikizidi aliitafuna mbichi, akabadilisha neno.
Nilimcheka sana.

Neno la kuaga lina vyumba saba.
KWAHERI. Limeingia bila kugonga bega mlangoni.
La kukaribisha, saba pia:
KARIBU ni sita, KARIBUNI nane.
Nimeweka KARIBU, nimeacha chumba kimoja kitupu.
Mgeni huwa haji peke yake.

Lile la kusubirisha ndilo lililonilaza njaa. Kumi na moja.
NGOJA KIDOGO, kumi na mbili ukihesabu pengo.
NGOJA KWANZA, vilevile.
SUBIRI TU, tisa, na linanuka dharau
kama karani wa dirishani.
Kunde sina; nikahesabu kwa skrubu.
VUTA SUBIRA.
Nne, pengo, sita.
Nikahesabu tena. Nikainuka, nikakizunguka kiti.

Flashi imeingia. Nimebonyeza kitufe kwa njiti,
nimewasha huku nimekishikilia.
Mstari unatembea: kumi, thelathini, sitini na moja,
na luku ikaanza kulia.

Yuniti sifuri nukta mbili.
Umeme ukikatika sasa, kideki ni tofali la kuzuia mlango.
"Mwinjaka!" napaza sauti juu ya ngazi. "Zima pasi!"
"Nina suruali ya mtu ya asubuhi!"
"Zima! Mwache aende na mikunjo!"
Feni nimezima, taa nimezima,
nimekaa gizani na ule mstari wa bluu,
sithubutu hata kupiga chafya.

Themanini. Tisini na nne.
Tisini na nne.
Tisini na nne.

Skrini ikafa, ikafufuka, na kwa weupe usio na haya:

VUTA SUBIRA

Jumamosi nimepita Keko kudai salio langu.
Pazia, mabenchi, joto la watoto arobaini.
Bi Sikudhani anawasha. Maneno yanatokea,
na mmoja wa mbele, meno ya juu bado yanaota,
anayasoma kwa sauti, Vu-ta-su-bi-ra,
kisha anamgeukia mwenzake:
"Hii sijawahi kuiona. Steringi nani?"