Posho ya Maiti

Jumatatu nilikuwa inspekta wa polisi, Tabata Segerea,
sare ya kukodi, jasho la mtu mwingine bado limo kwapani.
Jumanne nilikuwa mbu. Sauti tu, tangazo la chandarua,
sekunde kumi na tano za kuvuma
kama niliyetumwa na ukoo mzima.
Jumatano baba mkwe: nikakataa mahari.
Alhamisi nikafa.

Nilifia Mbezi, sebuleni kwa watu,
pamba puani, sanda ya shuka la gesti,
na Mwanahawa Kipengele akinililia machozi ya kweli
kwa kuwa hajalipwa tangu kabla ya mfungo.
Tulirudia mara saba kwa ajili ya jenereta la jirani.
Ya nane, jogoo.
Ya tisa, mimi mwenyewe: simu ilitetemeka chini ya sanda.
Ndimbo, katibu wa tawi:
"Mweka hazina uko wapi? Kikao saa kumi. Njoo na daftari."

Mwongozaji akasema, "Maiti, zima simu."
Wote wakacheka. Mimi sikucheka.
Ndiyo kazi yenyewe.

Kisa ni hiki. Mkataba wao, ukurasa wa pili:
*mhusika asiyesema atapewa nauli na chakula.*
Chakula, maana yake wali wa saa sita unaofika saa kumi.
Basi mwezi jana nilisimama Kinondoni,
ukumbi ule nyuma ya duka la mapambo ya harusi,
nikasema: Wajumbe, maiti anafanya kazi.
Nani hapa anabisha? Alale chini.
Nzi akitua kwenye kope, amwache atembee.
Chafya ikija, aimeze.
Anayesema, maneno kaandikiwa;
maiti kila pumzi anaiiba,
na akikamatwa nayo, tunarudia kwa gharama yake.

Mzee Lwitiko, mlevi wetu wa miaka thelathini
ambaye hajawahi kuonja hata togwa,
akagonga meza: "Hoja!"
Sauti ya nyuma ikauliza, "Na mlevi asiyesema, je?"
Kikao kikaishia kwenye ulevi.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kura.
Nimetoka Mbezi kwa bodaboda, daftari kwapani,
pamba moja nimeisahau puani.
Viti arobaini tumekodi. Watu kumi na mmoja.
Akidi ni ishirini.
Wengine? Mikocheni, kwenye usaili wa tangazo la benki:
zinatakiwa sura thelathini zenye furaha,
zisizosema.

Ndimbo akanitazama, nami nikatazama viti.
Mwito ule nami nilikuwa nao, kwenye simu ileile,
chini ya ujumbe wake.
Sikumwambia. Hadi sasa sijamwambia.

Tukahesabu ada: elfu kumi na nne na mia tano,
na ahadi. Ahadi huwa naziandika kwa penseli.
Mwanahawa aliingia tunapanga viti ukutani,
macho bado mekundu, akafungua fundo la khanga,
akatoa elfu mbili.
"Ya maiti," akasema. "Siku yangu ikifika nataka nife kwa malipo."
Nikaandika kwa wino.
Muhtasari: kikao kimeahirishwa. Tarehe, tutajulishana.

Sasa ni usiku, Mwananyamala, umeme umerudi.
Nimesimama mbele ya kioo, karatasi mkononi.
Kesho alfajiri mimi ni tajiri wa kiwanda,
tumbo la mto, pete mbili,
nawafukuza vibarua waliogoma.
*Tokeni! Wenye njaa ya kazi wamejaa getini!*
Mara ya kwanza nimeisema kwa aibu.
Ya pili imetoka vizuri.
Ya tatu, vizuri mno;
Tausi ameacha sufuria, anauliza toka jikoni,
"Nani huyo uliyemleta?"

Nimemjibu, usiogope.
Kesho nalipwa kamili.
Huyu anasema.