Jozi Kumi na Mbili

Simu ililia tin, nami nikafungasha.
Sina la kuongeza.
Jozi kumi na mbili za ngozi nyeusi,
soli nilizozishona kwa tochi umeme ulipokatika,
zikatoka soko la Ariaria, mjini Aba,
mikononi mwa kijana aliyenukia marashi
na kuniita kaka.

Ujumbe ulikuwa na kila kitu:
jina la benki, tarehe, naira hadi kobo ya mwisho,
hata shukrani kwa kuwa mteja mwema.
Pesa tu ndizo hazikuwamo.

Bi Nwakaego hakunigombeza.
Alivaa miwani, akaisoma namba iliyotuma,
namba ya mtu, ya mfukoni, kama yako na yangu.
"Tangu lini benki ikanunua laini kwa wachuuzi?"
Kisha akafungua daftari la madeni
akaniandika, Chidubem,
chini ya muuza gundi.

Miezi saba nimelipa.
Mlio si malipo.
Picha ya risiti ni picha,
huwezi kuinunulia uzi.
Sasa nafungua akaunti mwenyewe,
namba ya siri naibonyeza nikimpa mteja kisogo,
nasoma salio la asubuhi, nasoma la sasa,
na kama yamelingana
kiatu hakishuki rafuni.

Wapo wanaofoka: basi linaondoka!
Liondoke. Mabasi ya Owerri hayaishi.

Lakini jana alikuja mama mmoja,
jozi moja tu, ya mtoto anayeanza shule.
Tin.
Salio halikusogea.
"Mama, tusubiri kidogo."
Akautazama mkono wangu juu ya kiatu
kama mtu aliyeitwa mwizi kwa sauti ya chini,
akakaa kwenye benchi.
Mtandao ulikuwa umelala. Dakika arobaini
jua likahama kutoka magotini mwake hadi kizingitini,
na hakuna aliyesema neno.

Zikaingia, zote.
Nikamfungia, nikaongeza kamba bure.
Alizipokea. Hakutabasamu.

Yule wa marashi, popote alipo,
alibeba viatu, na kitu kingine
ambacho Bi Nwakaego hajui
akiandike ukurasa gani.

Nami kesho, ikilia tin,
nitamsubirisha mwingine.