Kwa Jirani wa Ghorofa ya Juu

Anselmo, dari langu ndilo sakafu yako.
Saa nane za usiku nakusikia:
hatua saba hadi dirishani, saba kurudi,
kitanda kinalia, kisha saba tena.
Nilitembea hivyohivyo mwaka ule walipofunga kiwanda cha sufu,
na aliyeishi chini yangu hakuniambia neno.
Ndiyo maana napenyeza karatasi hii chini ya mlango wako.

Lala. Najua, ni rahisi kusema.
Basi vaa soksi.

Barua zako nimeziona kwenye pipa la karatasi, nisamehe,
katika jengo hili mchunguzi wa taka ni mimi.
Zote arobaini ni barua moja yenye anwani arobaini.
“Mimi ni mchapakazi.” Nani aliwahi kuandika kuwa ni mvivu?
Andika kwamba ulitunza mashine kumi na mbili za kusokota,
kwamba ile ya nne uliijua kwa mlio tu
inapoanza kuumwa, uzi haujakatika bado.
Hilo hawajalisoma kwa mwingine.

Asubuhi shuka kwa Herminia, muuza mikate,
useme unatafuta kazi. Sema foleni ikiwa ndefu.
Mficha uchi hazai.
Mimi nilificha miezi mitano:
nikitoka na mkoba saa kumi na mbili na nusu
kana kwamba king'ora bado kinaniita,
nikakaa stesheni kuhesabu mabehewa, theluji ikiniingia viatuni,
na muda wote huo mpwa wa Herminia
alikuwa anatafuta mtu wa kufua hospitalini.
Covilhã nzima ilijua habari ya kazi ile.
Habari yangu hakuna aliyeijua.

Usiulize, “Kuna kazi?”
Jibu lake limeshakaa mdomoni mwao.
Uliza ni nini kinawashinda wiki hii, kisha nyamaza.
Baltasar aliingia hivyo kwenye ghala la jibini:
aliona mkanda unakwama, akavua koti.
Ila wewe usivue koti kila mahali.
Wapo watakaokutumia siku tatu
halafu wakupe mkono na kipande cha jibini.
Taja malipo siku ya kwanza, hata sauti ikitetemeka.

Atakayekuhoji atakuwa binti wa umri wa Graça wako.
Usimwite mwanangu. Jina lake lipo kifuani, lisome.
Atauliza unajiona wapi baada ya miaka mitano.
Mimi nilijibu, “Nikiwa bado na meno.”
Alicheka. Kazi sikupata.
(Usiniige katika hilo.)

Na kula kwanza. Hata supu ya jana.
Mwenye njaa hukubali bei yoyote.

Wakikukataa, piga simu uulize sababu,
siku ya tatu, hasira ikishapoa.
Wengi watakata. Mmoja alinijibu kwa upole:
“Bibi Deolinda, tulikupigia mara mbili,
akapokea mzee mmoja wa Guarda, amechoka nasi.”
Tarakimu moja, Anselmo. Tatu badala ya nane.
Barua sitini na moja nilizipeleka na kosa lile,
na kila usiku nililia nikidhani dunia hainitaki.
Inuka. Washa taa. Tazama namba yako.

Sikuahidi kitu.
Mimi nafua shuka za wagonjwa, mshahara haufiki ule wa sufu,
na bado vidole vyangu hutafuta uzi
kwenye pindo la blanketi, ndani ya basi, popote.
Lakini saa nane za usiku siku hizi mimi huwa kazini,
au nimelala, isipokuwa ukitembea.

Jumanne sina zamu.
Njoo na barua moja, moja tu, tuisome kwa sauti.
Na uje na kiti.
Hapa kwangu kipo kimoja.